Chemba za New York: tusidanganywe eti ni uzee tu

Wadau, kila aliyewahi kutazama filamu ya Kimarekani ameuona ule moshi mweupe unaofuka barabarani Manhattan, teksi ya njano inapita katikati yake, jamaa mwenye koti refu anawasha sigara. Moshi ule si wa moto. Ni mvuke wa kupashia majengo joto, biashara iliyoanza huko mwaka 1882, na leo sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na moshi mwingine, mzito, wenye harufu ya mpira ulioungua, unaotoka kwenye chemba za umeme. Huo ukianza ni bora ukae mbali, maana mfuniko wa chuma ambao mtu mmoja hawezi kuuinua kirahisi unaweza kuruka hewani kama kifuniko cha soda.

Na kila msimu wa baridi maelezo ni yaleyale. Mfumo ni mkongwe, theluji imekuwa nyingi, poleni kwa usumbufu. Mimi nasema hiyo ni nusu ya ukweli.

Tuanze na nusu hiyo wanayoisema. Kampuni ya Con Edison ina zaidi ya kilomita 140,000 za nyaya chini ya ardhi, na chemba zaidi ya 250,000 kubwa kwa ndogo. Watafiti waliochunguza Manhattan walikuta kama asilimia 5 ya nyaya za volti ndogo ziliwekwa kabla ya mwaka 1930. Mwingereza alikuwa bado anamkimbiza babu zetu kodi ya kichwa! Sasa theluji inaanguka, jiji linamwaga chumvi barabarani ili iyeyuke, na maji ya chumvi yanachuruzika hadi chini. Huko yanakuta waya ambao ganda lake limeshapasuka. Huenda lilipikwa na joto la kiangazi, wakati viyoyozi vya mtaa mzima vinavuta umeme kwa pamoja. Huenda panya alilitafuna. Huenda ni malori tu, miaka na miaka yanatikisa barabara.

Maji ya chumvi yanapitisha umeme, kwa hiyo umeme unaanza kuvuja kidogo kidogo kwenye ule ufa. Ganda haliwaki mara moja. Linafukuta. Kama umewahi kuona tanuri la mkaa lililofukiwa udongo kijijini utanielewa: hewa kidogo, joto jingi, moshi unatafuta pa kutokea. Ganda linalofukuta hivyo linatoa kaboni monoksaidi, haidrojeni na gesi nyingine zinazoshika moto. Gesi zinasafiri ndani ya mabomba ya nyaya hadi chemba ya jirani, zinachanganyika na hewa, inapigwa cheche moja, basi. Ndiyo maana chemba iliyolipuka inaweza isiwe ndiyo yenye hitilafu.

Hadi hapo hakuna mtu wa kulaumiwa, sivyo? Panya, chumvi, uzee. Subirini.

Nyumbani kwako ikipiga shoti, kuna swichi inakata umeme. Chini ya Manhattan, kwenye nyaya za volti 120 na 208 zinazoingia majumbani, mambo hayako hivyo. Mtandao ule, uliobuniwa miaka ya 1920, umefumwa kama wavu wa mvuvi: transfoma nyingi zinalisha nyaya zilezile kutoka pande nyingi. Transfoma moja ikifa, ghorofani hakuna anayejua. Safi sana. Lakini waya ukipata hitilafu, umeme unaendelea kuja kutoka pande zote, na wabunifu walitegemea kwamba waya utaungua mpaka ukatike wenyewe. Ndiyo, umesoma sawasawa. Vipo viungo vinavyoyeyuka kama fyuzi, lakini vinahitaji umeme mwingi kuyeyuka. Ule mvujo mdogo unaofukuta kwa saa nyingi hauvifikii kamwe.

Yaani taa ya mwanasheria wa ghorofa ya 40 haizimiki kwa sababu mtaani kumekubaliwa kuungua kidogo. Huo ni uamuzi uliofanywa na watu, na kuuita uzee ni kuwasafisha.

Naomba nieleweke. Siuponde ubunifu wenyewe, wahandisi wale walikuwa vichwa. Ninachosema ni kwamba ukichagua mtandao usiojizima, umejichagulia pia kazi ya kuufungua na kuukagua kabla haujafuka. Na kazi hiyo historia inaonyesha hawaifanyi mpaka mtu afe.

Mwaka 1884 jimbo la New York lilipitisha sheria nyaya zifukiwe. Makampuni yakapiga danadana. Ikaja dhoruba ya theluji ya Machi 1888, nguzo zikaanguka ovyo, bado danadana. Oktoba 1889 fundi mmoja akafa kwa umeme juu ya nguzo, mchana kweupe, mbele ya umati, karibu na ofisi za jiji. Hapo ndipo meya Hugh Grant alipoamuru nguzo zikatwe. Ruka hadi Januari 2004: mwanamke wa miaka 30 anatembeza mbwa wake katika mtaa wa East Village, anakanyaga mfuniko wa chuma uliopata umeme kutoka waya uliofungwa vibaya, anafariki. Kampuni ikalipa zaidi ya dola milioni 7, na Januari 2005 tume ya huduma za umma ya jimbo ikaagiza umeme unaovuja upimwe kila mwaka, na vifaa vyote vikaguliwe kila baada ya miaka 5. Swali la kitoto: kwa nini haikuagizwa 2003?

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia wakiongozwa na Cynthia Rudin walipewa kumbukumbu za mafundi za miaka kumi ili kompyuta itabiri chemba zitakazoungua. Wakakuta neno moja tu, lile la kisanduku cha nyaya, limeandikwa kwa namna zaidi ya 30. Hebu fikiria. Jiji la Wall Street! Pamoja na vurugu hiyo, asilimia 2 ya chemba walizoziweka juu kwenye orodha ya hatari zilibeba asilimia 11 ya zilizokuja kuungua au kulipuka. Si muujiza, nyingi bado ziliwaponyoka. Lakini inamjibu yule anayesema haiwezekani kubadilisha nyaya zote. Sawa, haiwezekani. Anza na zile ambazo kumbukumbu zako mwenyewe zinakulilia.

Ila kumbukumbu ni lazima uzitake. Julai 2006 umeme ulipokatika kaskazini magharibi mwa Queens, na chemba zikiwaka moto, kampuni ilisema mwanzoni wateja waliokosa umeme ni kama 1,600. Ilikuwa inahesabu waliopiga simu. Baadaye wakatuma watu kuzunguka usiku na magari kuangalia nyumba zenye giza, hesabu ikawa wateja 25,000, sawa na watu kama 100,000. Wengine walikaa hivyo zaidi ya wiki, kwenye joto kali. Meya Bloomberg yeye akaona mkuu wa kampuni anastahili kushukuriwa. Queens ile ni ya wahamiaji na wafanyakazi wa kawaida, sijui kama ingekuwa Park Avenue shukrani zingetoka haraka namna hiyo.

Kwa wadau mlioko huko, hasa mnaopanga vyumba vya chini ya nyumba kwa sababu ndivyo vya bei nafuu: kaboni monoksaidi ya chemba haiishii barabarani. Inafuata mabomba ya nyaya hadi ndani, haina rangi wala harufu. Mkiona chemba inafuka mbele ya nyumba tokeni nje, sogeeni mbali nayo, pigeni 911, na msirudi ndani mpaka zimamoto wapime hewa ya chumba chenu.