Sentimita Moja Chini ya Mstari

Mtoto alikuwa wa kike, miezi 24 kamili, na mizani ya kuning'inia ilisoma kilo 10. Muuguzi akatia nukta kwenye kadi, nukta ikaangukia pazuri, akamwambia mama yake, "Mtoto wako anaendelea vizuri, mama." Mama akashukuru, akamvisha mtoto sweta, maana asubuhi za Njombe baridi yake huuma, akaanza kumfunga mgongoni. Mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa mazoezini pale zahanati ndiye aliyeomba wampime na urefu. Ubao ukatolewa nyuma ya kabati, ukafutwa vumbi. Mtoto akalazwa, mama akamshika kichwa, mwanafunzi akanyoosha magoti yake na kusogeza kibao mpaka kikagusa nyayo. Sentimita 79.

Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, msichana wa miaka miwili hutarajiwa kuwa na sentimita 86 hivi. Akishuka chini ya 80 anahesabiwa amedumaa. Kilo zake 10 hazikuwa na kasoro kwa sababu mwili mfupi haudai kilo nyingi ili uonekane umejaa. Baadaye, tukiwa kwenye benchi la nje, mama yule aliniambia mwenyewe kwamba anaishi na VVU, na kwamba mtoto wake alipimwa mara zote zilizotakiwa. Majibu ya mwisho, baada ya kuachishwa ziwa, yalikuwa hasi. Alilisema hilo kwa furaha, na alikuwa na haki ya kufurahi. Lakini siku hiyohiyo jina la mtoto lilitoka kwenye rejista ya wanaofuatiliwa, na tangu hapo hakuna aliyekuwa amemlaza juu ya ubao mpaka asubuhi ile.

Tumejifunza kuuliza swali moja kuhusu watoto hawa: ameambukizwa au hajaambukizwa? Ni swali kubwa na limeokoa maisha mengi. Swali la pili, kama anakua, halina mwenyewe.

Kwa mtoto aliyeambukizwa, jibu la swali hilo la pili ni baya mapema sana. Asipopata dawa, kimo chake huanza kubaki nyuma ndani ya miezi michache ya kwanza, mara nyingi kabla mtu hajaona ugonjwa wowote. Virusi hushambulia chembe za kinga, na sehemu kubwa ya chembe hizo ziko kwenye utumbo. Ukuta wa utumbo ukidhoofika, chakula hupita bila kunyonywa vizuri, kuhara kunakuwa kwa mara kwa mara, na mwili unachoma nguvu nyingi kupigana na maradhi. Mtoto mwenye VVU asiyeonyesha dalili anahitaji nishati zaidi kwa karibu asilimia 10 kuliko mwenzake. Akianza kupungua uzito, mahitaji yake hupanda kwa asilimia 50 hadi 100. Na huyo ndiye mtoto mwenye vidonda mdomoni, anayekataa uji. Kumwambia mama yake amlishe vizuri bila kumtibu ni kumtwisha mzigo asioweza kuubeba.

Ndiyo maana muda wa kuanza dawa una uzito kuliko karibu kila kitu kingine. Pasipo matibabu, theluthi moja ya watoto walioambukizwa hufariki kabla ya kutimiza mwaka, na nusu hawafiki miaka miwili. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa kuanza dawa wiki za mwanzo za maisha, badala ya kungoja mtoto adhoofike, kulipunguza vifo vya watoto hao kwa asilimia 76. Kwa ukuaji, hadithi ni hiyohiyo ila ina makovu. Mtoto akianza dawa uzito hurudi haraka, mashavu yanajaa, majirani wanasema kapona. Urefu hurudi polepole, na aliyechelewa kuanza mara nyingi haufikii tena ule aliokusudiwa. Tone la damu linalochukuliwa kwenye kisigino wiki ya sita, likikaa miezi mitatu njiani kwenda na kurudi maabara, hula sentimita za mtoto.

Kuna jambo moja katika tiba yenyewe ambalo wahudumu wanalijua na wengine hatulifikirii. Dozi ya mtoto hupangwa kwa uzito. Kidonge cha dolutegravir kinachoyeyuka kwenye maji, kilichoanza kusambazwa miaka michache iliyopita na kuwaondolea wazazi adha ya dawa ya maji chungu iliyotapikwa kila asubuhi, huongezwa idadi kadiri kilo zinavyopanda. Asiyepimwa atabaki kwenye dozi ya mwaka jana. Mizani, kwa mtoto mwenye VVU, ni sehemu ya dawa.

Nirudi kwa yule wa sentimita 79, kwa sababu wa aina yake ndio wengi. Kwa mafanikio ya dawa kwa wajawazito, ambayo Tanzania iliyapokea kwa mpango wa kumwanzishia kila mjamzito mwenye VVU dawa za maisha tangu mwaka 2013, sehemu kubwa ya watoto wa mama wenye VVU huzaliwa salama na kubaki salama. Duniani wamepita milioni 15. Hawana virusi. Hata hivyo, wakilinganishwa na watoto ambao mama zao hawana VVU, huzaliwa njiti au na uzito mdogo mara nyingi zaidi, huugua zaidi na hudumaa zaidi. Hakuna sababu moja. Mimba ilikuwa ndani ya mwili uliokuwa vitani. Nyumba huenda imepoteza baba, au mama hana nguvu ya kulima kama zamani. Ziwa wakati mwingine liliachishwa mapema kwa hofu.

Hofu hiyo ya ziwa tuliipanda wenyewe. Kwa miaka kadhaa mama walishauriwa kutonyonyesha kama wanaweza kumudu maziwa mbadala, na ushauri huo ulifika vijijini ukiwa umepoteza ile "kama". Mwanzoni mwa 2006 Botswana, ambako serikali iligawa maziwa ya kopo bure, mafuriko yalichafua maji na watoto wasionyonya wakafa kwa kuhara. Leo mwongozo uko wazi: mama anayetumia dawa vizuri anyonyeshe tu, bila kuchanganya chochote, miezi sita, kisha aendelee pamoja na chakula cha ziada angalau mpaka mwaka, na anaweza kufika miaka miwili. Lakini bado kuna bibi katika kijiji fulani anayemnong'oneza mkwewe, "Maziwa yako yana wadudu, mwanangu, mpe uji." Mtoto wa miezi mitatu hapaswi kuguswa na uji huo mwepesi wa sembe.

Sasa tazama ramani. Utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa ilikuwa asilimia 57, Njombe 50, Rukwa nayo 50. Utafiti wa VVU wa 2022 na 2023 ukaikuta Njombe ikiongoza nchi kwa maambukizi ya watu wazima, asilimia 12.7, ikifuatiwa na Iringa, wakati wastani wa taifa ni 4.4. Mikoa hiyohiyo ndiyo inayolisha miji yetu kwa viazi, mahindi, maharage na siku hizi parachichi.

Kishawishi cha kuunganisha ramani hizo mbili ni kikubwa, na ni lazima kizuiwe. Rukwa ina udumavu ule ule wa Njombe huku maambukizi yake yakiwa chini sana. Watoto wengi waliodumaa Njombe wana mama wasio na VVU kabisa. Kinachowadumaza ni mama anayetoka kwenda shambani alfajiri na kurudi jioni, uji usio na kitu ndani, maziwa yanayouzwa badala ya kunywewa, na mahindi kila siku. VVU inapiga hodi kwenye nyumba ambayo tayari ina hali hiyo, na kumkuta mtoto hana akiba. Na kwa wanaosema ukoo wetu ni wa watu wafupi, viwango vile vya mwaka 2006 vilijengwa kwa kupima watoto wa Brazil, Ghana, India, Marekani, Norway na Oman. Waliolishwa na kutunzwa vizuri walikua kwa karibu kasi moja, kokote walikozaliwa.

Kwa hiyo swali la umma ni hili: watoto waliozaliwa na mama wenye VVU wapewe huduma yao ya pekee ya lishe, au waingizwe kwenye ya wote?

Wanaotaka ya pekee wana ushahidi mzito. Vijijini Zimbabwe, katika utafiti uitwao SHINE, watoto wa kundi hilo walipewa gramu 20 za lishe ya kuongezea chakula kila siku, kuanzia miezi 6 mpaka 18, na mama wakafundishwa kulisha. Udumavu ulishuka kutoka asilimia 50 hadi 40. Vyoo na vifaa vya kunawia mikono, ambavyo utafiti huo nao ulivijaribu, peke yavyo havikuongeza urefu. Hata hapa kwetu, watafiti wa Muhimbili na Harvard walionyesha mwaka 1998 kuwa kuwapa wajawazito wenye VVU vitamini mchanganyiko kulipunguza kuzaliwa kwa watoto wenye uzito mdogo kwa asilimia 44. Chakula kinafanya kazi.

Ila nimekaa kwenye yale mabenchi. Ukigawa pakiti za lishe kwa mama fulani tu, kufikia jioni kijiji kizima kitajua ni kwa nini. Baadhi wataacha kuja. Na jirani, ambaye mtoto wake naye ni sentimita 79 lakini hana VVU ndani ya nyumba, atauliza kosa lake ni nini. Hana kosa.

Mimi naona lishe hiyo itolewe kwa wote kwenye mikoa yenye hali mbaya, katika kliniki ya kawaida ya mama na mtoto, na ufuatiliaji wa karibu ndio uwe wa pekee: rejista isifungwe siku ya majibu hasi, iende mpaka mtoto atimize miaka mitano, ikibebwa kimya na muuguzi yuleyule. Fedha ni kikwazo cha kweli. Msaada wa Marekani uliposimamishwa Januari 2025, tuliona jinsi huduma za VVU zilivyoegemea mkono wa mtu mwingine. Lakini halmashauri zetu zinaelekezwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Elfu moja haitoshi kununua trei ya mayai, na pale inapotengwa bado haitoki yote. Diwani anayepigania kilomita moja ya barabara anaweza kuulizwa na wapiga kura wake elfu hiyo imeenda wapi.

Kuhusu ubao hakuna haja ya kungoja bajeti. Nilimuuliza muuguzi kwa nini unakaa nyuma ya kabati. Hakuudhika. Alisema kupima urefu kunataka watu wawili, na siku ya kliniki yeye yuko peke yake na watoto 60, chanjo, na mizani. Mhudumu wa afya wa kijiji yupo, anaishi mtaa wa pili, lakini siku hiyo hutumwa kwingine. Mwanafunzi aliandika 79 kwa kalamu nyekundu, akamweleza mama aongeze yai, maharage yaliyopondwa na parachichi kwenye uji, na arudi baada ya mwezi. Mama akauliza kama akirudi atamkuta. Mwanafunzi akasema mazoezi yake yanaisha Ijumaa.