Kipimo cha DNA na Mahindi ya Ukambani: Madai Manne na Majibu Yake

Mwaka 2004 nchini Kenya, aflatoksini, yaani sumu ya kuvu, ndani ya mahindi iliwaua watu 125 kati ya 317 waliougua, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui. Ndiyo maana kipimo kinachotumia DNA kuifichua sumu hiyo kinastahili kujadiliwa kwa ukweli, si kwa uvumi.

“Mahindi masafi hayahitaji kupimwa.”
Si kweli. Kuvu huweza kuonekana, lakini sumu yake haionekani wala hainusiki. Kupika hakusaidii, kwa kuwa aflatoksini hustahimili joto la chungu kinachotokota. Kukoboa mahindi kuwa muthokoi huipunguza, ila hakuimalizi. Tena, ng'ombe akilishwa pumba zenye sumu, sehemu ya sumu hiyo huturudia kwenye maziwa.

“Kipimo cha DNA kitageuza chakula chetu kuwa GMO.”
Hapana. DNA hiyo ni uzi mfupi uliotengenezwa kwa mashine, usiobeba jeni yoyote. Hautiwi shambani wala ghalani. Hutiwa kwenye kichupa chenye majimaji yaliyochujwa kutoka kwa sampuli ya unga, na sampuli hiyo hailiwi na mtu.

“Eti chembe za dhahabu hupashana habari! Huo ni uganga.”
Ni kemia, na hatua zake zinafuatika. Chembe za dhahabu zenye upana wa nanomita 13 hivi zikielea mbalimbali majini, maji huwa mekundu. Nyuzi za DNA huzifunika, hivyo chumvi ikitiwa hazigandamani. Aflatoksini ikiwapo, nyuzi hizo huziacha chembe na kujikunja kuishika sumu. Chembe zilizobaki bila kinga hukusanyika zikikutana na chumvi, na wekundu hugeuka zambarau au buluu. Wala wazo hili si geni: mwaka 1996, mwanakemia Chad Mirkin na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba DNA inaweza kuziunganisha chembe za dhahabu na kubadilisha rangi yake.

“Kipimo hiki kitaimaliza aflatoksini.”
Dai hili ndilo la hatari zaidi, kwa sababu hutoka kwa wapenzi wa sayansi. Sumu haienei sawasawa guniani. Punje chache zaweza kuibeba karibu yote. Ukichota konzi moja ya juu, hata kipimo bora kitakupotosha. Sharti uchote sehemu nyingi, uchanganye, usage, ndipo upime. Isitoshe, kiwango kinachoruhusiwa Kenya ni mikrogramu 10 tu kwa kilo, na rangi isiyoweza kutenganisha 9 na 15 haitoshi kumhukumia mkulima gunia lake. Wala kipimo hakikaushi mahindi. Bado tutaanika juu ya turubai hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 13.5, na tutatia shambani Aflasafe, kuvu isiyo na sumu iliyoidhinishwa nchini mwaka 2015, wiki mbili au tatu kabla ya mbelewele kutoka.

Msimamo wangu ni kwamba kipimo hiki kijaribiwe katika miji ya Wote, Kibwezi na Mwingi, kwa mahindi yetu wenyewe, kikilinganishwa na vipimo vya kingamwili. Kikifaulu, kianzie kwenye mashine za kusaga za vijijini. Mahindi mengi yaliyoua mwaka 2004 yalilimwa na kuhifadhiwa nyumbani, mahali ambapo hakuna mkaguzi anayefika. Kipimo kitakachoishia kwenye maghala makubwa kitakuwa kimewaruka wale wale wanaokihitaji.