Nani Ana Uwezo wa Kuuza kwa Hasara?

Katika chumba cha mbao huko Ndosho, pembezoni mwa Goma, fundi amefungua PlayStation 4 juu ya meza. Feni ameichomoa, anaisugua kwa mswaki. Vumbi linalodondoka ni jeusi, lile lile la mawe ya volkeno tunalolifagia asubuhi na kulikuta tena jioni. Wavulana wanne wamebanana kwenye benchi wakimtazama kama ndugu wa mgonjwa, kila mmoja na noti yake ya faranga 500, bei ya mechi moja. Mwenye chumba yuko mlangoni, anahesabu saa zinazompotea. Yeye hauzi mashine wala mchezo. Anauza dakika.

Aliyeitengeneza mashine hiyo hesabu zake ni nyingine kabisa. PlayStation 3 ilipoingia sokoni mwaka 2006, iliuzwa Marekani kwa dola 499 na 599. Kampuni ya iSuppli iliifungua, ikapiga hesabu ya kila kipande, ikakuta gharama inapita dola 800. Mwaka 2021, katika kesi ya Epic dhidi ya Apple huko California, Lori Wright wa Microsoft aliiambia mahakama kwamba kampuni yake haijawahi kupata faida kwa kuuza mashine ya Xbox yenyewe. Mashine ni chambo. Samaki ni michezo: kila mchezo unaouzwa katika duka lao la mtandaoni huwaachia fungu, kwa kawaida asilimia 30, na juu yake kuna ada za uanachama. Miaka ikisogea vipuri hushuka bei na pengo huzibika; Agosti 2021 Sony ilitangaza kwamba PlayStation 5 ya dola 499 haiuzwi tena kwa hasara. Ambaye pumzi humwishia kabla ya kufika hapo huanguka, kama Sega ilivyoacha kutengeneza mashine mwaka 2001.

Kwa hiyo hasara inaweza kuwa silaha, lakini ni silaha ya mwenye mlango wa pili wa kuingizia pesa.

Goma mlango huo haupo. Orodha ya nchi ambazo mtu anaweza kufungulia akaunti ya PlayStation haina Kongo. Mashine hutufikia zikiwa zimeshatumika, diski hupita mkono hadi mkono, na katika daftari la mtengenezaji mji huu wote ni sifuri. Wapo wanaosema basi sisi ni wadandiaji tu, tunafaidi bila kulipa. Sikubali. Diski ile ililipiwa siku ilipotoka dukani, na aliyeinunua ana haki ya kuiuza kama anavyouza baiskeli yake. Kilichofanywa na watu wa Ndosho ni kuipa mashine miaka mingine ya kazi baada ya mmiliki wake wa kwanza kuichoka, na kumpatia kijana mmoja chakula cha familia yake.

Kinachonitia wasiwasi ni njia ambayo watengenezaji wanaifuata sasa. Xbox Series S haina tundu la diski. PlayStation 5 Pro, iliyotoka Novemba 2024 kwa dola 700, haina pia. Ukilitaka, unanunua kifaa chake pembeni. Na bei ambazo zamani zilishuka kadiri mashine inavyozeeka sasa zinapanda: Agosti 2025 Sony iliongeza dola 50 kwenye PlayStation 5 nchini Marekani. Ninaelewa kwa nini. Chipu hazipungui bei kama zamani, na mchezo usio na diski hauna soko la mitumba la kumnyang'anya muuzaji wake wateja. Lakini weka mashine hiyo kwenye meza ya Ndosho, ambako intaneti hununuliwa kwa megabaiti, uiambie ipakue mchezo wa gigabaiti 100. Hapo ukumbi umekufa, na hakuna fundi wa kuufufua.

Halafu kuna jambo ambalo mtu wa Goma hawezi kuliruka. PlayStation 2 ilianza kuuzwa Japani tarehe 4 Machi 2000. Mwaka huo huo bei ya tantalamu, madini yanayotoka kwenye koltani yetu na kutengenezewa kapasita ndogo za kielektroniki, ilipaa mara kadhaa. Waasi wa RCD, waliokuwa na makao yao hapa hapa Goma, waliipa kampuni ya SOMIGL ukiritimba wa kusafirisha koltani Novemba 2000. Baadaye wengine wakaiita vita ya Kongo ya miaka ile vita ya PlayStation. Jina hilo lina ukweli nusu. Simu za mkononi na kompyuta zilikula tantalamu pia, na wanunuzi walioingiwa na hofu walirundika maghalani kuliko mahitaji yao. Mwaka 2001 bei ikaporomoka. Watengenezaji waliendelea, maana walikuwa na michezo ya kuuza. Mchimbaji wa Masisi aliyeacha shamba lake la maharage kufuata koltani hakuwa na kitu cha pili cha kuuza.

Robo karne baadaye mchimbaji huyo yuko pale pale. Machimbo ya Rubaya, huko huko Masisi, yanayokadiriwa kutoa kama asilimia 15 ya tantalamu ya dunia, yalitwaliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Aprili 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaandika kwamba kundi hilo linakusanya huko kodi ya dola 800,000 hivi kwa mwezi. Januari 2025 Goma nayo ikachukuliwa. Ile sheria ya Marekani ya 2010, ambayo huku tuliiita sheria ya Obama, iliwataka wanunuzi waseme madini yao yametoka wapi. Haikusema mchimbaji alipwe nini.

Kampuni inayoweza kupanga, miaka kabla, kwamba itapoteza dola 200 au 300 kwa kila mashine, inaweza pia kupanga bei isiyoyumba kwa madini ambayo katika mashine moja ni chembe tu. Ninajua pingamizi: leo bei ikipanda, mwenye bunduki ndiye atakayeongeza kodi. Ni pingamizi la kweli, na ndiyo maana amani ya Rubaya lazima itangulie. Lakini lisigeuzwe kisingizio cha kumwachia mchimbaji hasara yote ya soko, siku ambazo bunduki zipo na siku ambazo hazipo. Na tundu la diski libaki, pamoja na vipuri ambavyo fundi yeyote anaweza kuvinunua.

Huko Ndosho feni imerudi mahali pake, lakini mashine haiwaki. Fundi anavuta kopo la maziwa lililojaa bodi zilizokufa, anachagua moja, anaibandua kapasita ya manjano ndogo kuliko punje ya mchele. Shimo ilikotoka hakuna awezaye kulijua. Anaichomelea kwenye bodi ya mgonjwa wake, anapuliza moshi, anachomeka waya. Mlio mmoja unasikika, na mvulana wa kwanza anashika maneti, kidhibiti cha kuchezea.