Antena ya Gari Kuukuu na Somo la Fizikia

Miongoni mwa magari ya miaka ya 1970 na 1980 yamo yenye antena ya redio ipandayo na kushuka kwa mota. Dereva awashapo redio, mlingoti huchomoza. Aizimapo, huzama ndani. Kifaa hiki kikikwama, aghalabu hung'olewa na kutupwa, na waya wowote ukachomekwa mahali pake. Uamuzi huo ni wa haraka mno, nao huwanyima wanafunzi chombo bora cha kujifunzia.

Ndani ya kifaa hicho mna mota ndogo ya volti 12, gia, na uzi mnene wa nailoni wenye meno. Gia hushika meno hayo, nao uzi husukuma vipande vya mlingoti vilivyoingiana. Basi dalili zenyewe hufichua ubovu. Mota ikivuma bila mlingoti kupanda, yaelekea uzi umekatika au meno yake yamelika. Pakiwa kimya, yapasa kupima fyuzi kwanza, kisha waya uletao umeme kutoka kwenye redio, kisha rilei, na mwisho mota yenyewe. Katika barabara zipandazo Kilema, matope ya masika huweza kuziba mrija mdogo wa kutolea maji chini ya antena. Maji yakituama, mota hushika kutu. Kuzibua mrija huo hakuhitaji kipuri chochote.

Wako wasemao kwamba waya wa kawaida hupokea matangazo vilevile. Dai hilo lina ukweli nusu. Kituo kirushacho matangazo kwa megahezi 100 kina wimbi la urefu wa mita 3. Robo yake, sentimita 75, ndiyo urefu ufaao wa mlingoti. Waya wa kipimo hicho, uliosimama wima bila kugusa bati la gari, utafanya kazi. Uliokatwa kwa kubahatisha utapungukiwa, hasa penye makorongo ya Kilimanjaro, kwani mawimbi hayo husafiri karibu kwa mstari ulionyooka na hukingwa na vilima. Mawimbi ya kati, yaliyotumiwa sana na Redio Tanzania Dar es Salaam, yana urefu wa mamia ya mita na hufuata mgongo wa ardhi. Kwa hiyo hata achaguaye waya hana budi kujua hesabu.

Mwanafunzi hukariri kanuni ya mawimbi darasani. Kijana wa rika lake hushika bisibisi gerejini pasipo kuijua kanuni hiyo. Kila mmoja ana nusu ya elimu. Yafaa walimu wa fizikia wa Kilema waombe antena mbovu kwa mafundi wa jirani, watafute betri na mita ya umeme, kisha wawaache wanafunzi waifungue, wapime, na waandike sababu ya ubovu kabla ya kubadili chochote. Fundi naye akaribishwe darasani aeleze ayajuayo.

Atupaye kifaa kizima kwa ajili ya uzi uliokatika hupoteza fedha mara moja. Asiyejifunza kuuliza ni kipi kilichoharibika atazipoteza maisha yake yote.