Kongwa Inastahili Filamu Yake

Ndugu zangu, hasa ninyi vijana mlioshika kamera hapa Dodoma, nina neno nanyi.

Jamhuri ya Ireland, kwa sensa ya mwaka 2022, ilikuwa na watu wachache kuliko Mkoa wa Dar es Salaam. Hata hivyo dunia nzima imesikia habari za vita vyao vya kumng'oa Mwingereza, na sinema imefanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Mwaka 1996 Neil Jordan alitoa Michael Collins. Mwaka 2006 Ken Loach, naye ni Mwingereza, alitoa The Wind That Shakes the Barley, ikanyakua tuzo kuu ya tamasha la Cannes. Baadhi ya magazeti ya kwao yalimshambulia, yakidai anaichafua nchi yake.

Itazameni hiyo ya pili kwa makini. Damien, kijana aliyesomea udaktari, anatakiwa kumpiga risasi Chris, mvulana anayemfahamu tangu utotoni, kwa kuwa ametoboa siri za wapiganaji wenzao. Anafyatua, kisha anaondoka zake, na tangu hapo si Damien yule tena. Baadaye mkataba wa Desemba 1921 na Mwingereza unawagawa wapiganaji, na yeye mwenyewe anauawa kwa amri ya Teddy, ndugu yake wa tumbo moja. Hakuna aliyejaribu kuficha kidonda hicho, na ndiyo maana mtazamaji anaiamini filamu ile.

Sasa geukeni mwangalie mashariki. Ukitoka hapa mtaa wa Area D ukashika barabara ya Morogoro, ukakata kulia pale Mbande, hukawii kufika Kongwa. Mwingereza alikuja huko mwaka 1947 na mradi wa karanga, akamwaga zaidi ya pauni milioni 30. Ardhi ilikauka ikawa ngumu, mvua ikamgomea, mibuyu ikamshinda, na mwaka 1951 akakubali yaishe. Kuanzia 1964 eneo hilohilo likapokea kambi za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika: FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na MPLA ya Angola. Samora Machel aliishi Kongwa. Wapiganaji waliofyatua risasi za kwanza za vita vya Namibia, Agosti 1966, kundi lao lilitokea Kongwa. Mtunzi gani wa hadithi angethubutu kubuni kwamba shamba lililomshinda mkoloni ndilo litakalowalea wanaokuja kuung'oa ukoloni?

Na yaliyotokea kambini humo hayakuwa gwaride tupu. Vijana walikaa miaka wakingoja kupelekwa vitani, subira ikawaishia. Baadhi ya wapiganaji wa ANC walichukua lori bila ruhusa ili wakalalamike kwa wakubwa wao. Mwaka 1968 wana SWAPO waliofunzwa China waliwakosoa viongozi wao, wakaishia kuwekwa kizuizini hapahapa Tanzania. Tena wako akina mama wa Kongwa waliopendana na wageni hao na kuzaa nao, halafu amri ya kuhama ikaja, mwanamume akaondoka, mtoto akabaki anakua bila kumwona baba. Kwangu mimi huyo mama ndiye kiini cha filamu, kuliko jemadari yeyote.

Najua wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya wageni, au kwamba kuyataja ni kuwavunjia heshima mashujaa. Sikubali. Mgogo, mwenyeji wa Kongwa, aliyegawana maji na mgeni katika nchi hii ya ukame alikuwa mpigania uhuru. Na shujaa anayeonyeshwa bila hofu wala kosa hafundishi chochote. Vijana wetu humtazama dakika tano, wakarudia zile filamu za Marekani za kutafsiriwa.

Wengine watalia na fedha. Ni kweli, sinema ya historia ina gharama. Lakini Amil Shivji aliitengeneza Vuta N'kuvute kutokana na riwaya ya Adam Shafi, akaturudisha Zanzibar ya miaka ya 1950 chini ya Mwingereza, nayo ikaonyeshwa Toronto mwaka 2021. Kwa hiyo tusiseme haiwezekani. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa upo. Andikeni maombi, na mkinyimwa, andikeni tena.

Waheshimiwa wabunge mnaopanga nyumba humu Area D na mitaa jirani wakati wa vikao, hili linawahusu pia: itengeeni fungu kazi hii, wala msidai kuisoma miswada ya filamu ili mkate msiyoyapenda.

Nanyi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), msingoje fungu. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1965 sasa amepita 80. Nendeni Kongwa likizo hii na kinasa sauti, mtafuteni mtu anayejua Kigogo, na muanze na wale bibi kabla ya kwenda kwa maofisa.