Sheria Si ya Mawakili Peke Yao

Ndugu yangu, wakumbuka Likoni, Machi 27, 2020? Kafyu ilikuwa ianze saa moja jioni. Hata saa haijafika, watu wangali wanangoja feri warudi makwao, polisi washaanza vitoa machozi na marungu.

Chama cha Mawakili nchini, LSK, kilikwenda Mahakama Kuu. Aprili 16 mwaka huo Jaji Weldon Korir akaamua: kafyu yenyewe ni halali, lakini nguvu ya kupita kiasi iliyotumiwa na polisi ni kinyume cha Katiba.

Hiyo haikuwa hisani. Sheria ya LSK ya 2014, kifungu cha 4, inakipa chama hicho kazi ya kuisaidia serikali na mahakama katika masuala ya utungaji wa sheria, na kumlinda mwananchi pia.

Lakini tusidanganyane. Uamuzi ulikuja watu washapigwa. Sheria mbaya huzuiwa vyema ikiwa bado ni mswada, na Katiba, kifungu cha 118, yalitaka Bunge litushirikishe. Mbona basi vikao vya maoni tunaviacha viti vitupu, tukishaumia ndipo twatafuta wakili?

LSK, leteni miswada mitaani, mutueleze kwa Kiswahili. Nawe msomaji, ukisikia kikao kimeitishwa, nenda ukaseme yaliyokupata. Wakili anajua vifungu. Marungu yalivyouma wajua wewe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.