Tunacheka Matamshi, Mkato Unatuponza

Tusidanganyane. Jumamosi tukikutana hapa Shively, mtu akiteleza ung'eng'e tunamcheka mpaka machozi, eti kamwita mama wa watu "he". Kiswahili hakitenganishi mwanamume na mwanamke kwenye "yeye", ulimi unajiendea tu. Anaeleweka, maongezi yanaendelea. Penye hasara ni kwenye maandishi, na huko hatusemezani kabisa.

Muhula uliopita nilirudishiwa sura moja ya tasnifu. Hesabu hazikuguswa. Profesa kazungushia wino sentensi moja tu: vali ilifunguka, mkato, presha ilishuka. Pembeni kauliza, kipi kilisababisha kipi? Nikajisemea mzee huyu ananionea. Baadaye nikaelewa. Kichwani niliisema kwa Kiswahili, "vali ilifunguka, presha ikashuka", na ile -ka- yetu ndiyo inayoonyesha lipi lilifuata lipi. Kiingereza hakina -ka-. Nimeiacha njiani, ukabaki mkato peke yake, nao kwa sheria zao hauungi sentensi mbili kamili. Inatakiwa nukta, au nukta-mkato, au useme wazi: kwa sababu. Katika ripoti ya ajali ya mtambo hilo si jambo dogo, jamani.

Ritifaa nayo tumeizoea kwenye ng'ombe na ng'ambo, inaonyesha sauti tu. Kwao inaonyesha umiliki au herufi iliyodondoshwa, halafu "its" ya umiliki haina! Hapo hata wenye lugha wanachemsha.

Wapo watakaosema hii ni kasumba ya kikoloni. Wawaulize madereva wa maziwa wa Oakhurst, kule Maine. Sheria ya jimbo iliorodhesha kazi zisizodai malipo ya saa za ziada, na mwishoni ikataja kufungasha kwa ajili ya "kusafirisha au kusambaza", bila mkato kabla ya "au". Madereva wakasema sisi tunasambaza, hatufungashi, kwa hiyo tulipwe. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikaona sheria haieleweki vizuri, ikawapa haki wao. Mwaka 2018 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5.

Jumamosi ijayo nakuja na kalamu nyekundu. Leteni ripoti zenu kabla hazijafika kwa maprofesa, nami naleta sura yangu ya nne muichanechane. Atakayetaka kucheka matamshi yangu, ruksa.